Nilidhani Ananipenda, Kumbe Anawataka Sisimizi

Ndugu wasomaji, nina miaka thelathini na saba. Naishi kijijini nje kidogo ya mji wa Karatu, upande wa juu kunakopakana na msitu, na kazi yangu ni kulima mahindi, maharage ya ngwara na alizeti kidogo. Haya yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Mkicheka mwanzoni sitawalaumu, maana hata mimi ningeyasikia kwa mwingine ningecheka. Mwanamke mzima kaachwa kanisani kwa sababu ya sisimizi! Chekeni, lakini naomba mnisome hadi mwisho.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Mama alipougua, wadogo zangu walikuwa wanaolewa mmoja baada ya mwingine, nami nikabaki nyumbani kumhudumia. Alipofariki nilikuwa nimeshavuka ule umri ambao wachumba hubisha hodi. Nikabaki na baba. Sikulalamika… lakini nisiwadanganye, nililia mara nyingi nikiwa peke yangu shambani. Kila harusi niliyokwenda kupika pilau, mtu aliniuliza, "Na wewe lini?" Mnajua swali hilo linavyouma?

Baba yangu, Mzee Bura, ni katekista. Kila mwezi alikuwa anakwenda Olbalbal, kule tambarare chini ya kreta, kuongoza ibada kwenye kigango kidogo cha wafugaji, kwa kuwa padre hufika huko kwa nadra. Aliondoka na mkoba wake mweusi wenye kanzu nyeupe, kitabu cha nyimbo na rozari za kugawa. Kwenye geti la hifadhi wanamjua wote. Askari wengine aliwafundisha Komunyo ya Kwanza yeye mwenyewe. Walikuwa wakimwona tu wanainua kizuizi, wanamwambia, "Katekista, utuombee," naye anapita.

Basi ndivyo tulivyokuwa tukiishi, mimi na baba, kwa amani. Halafu akaja Festo.

Nilikutana naye mnadani. Alijitambulisha kuwa dalali wa ngwara, akasema ni mtu wa Moshi. Mrefu, mtanashati, viatu havina tope hata siku ya mvua. Alikuwa anashika ngwara zangu kiganjani huku macho yako kwa wauzaji wengine, hana habari na mimi. Nikamwambia mwaka huu mavuno ni machache, kwa sababu sisimizi wakubwa wekundu wamebeba mbegu zangu shambani, wana mashimo kila mahali. Hapo ndipo aliponigeukia na kunitazama usoni kwa mara ya kwanza. Akaniuliza jina langu. Akaniuliza shamba liko wapi. Akaninunulia soda!

Mimi nikadhani ni macho yangu yamemvuta. Jamani…

Alianza kuja nyumbani. Alimletea baba mkate na majani ya chai, akampa shikamoo ya heshima huku ameinama. Kisha ananiambia, "Resti, nipeleke shambani nione mnavyolima." Ni mwanamume gani wa mjini anayeomba kupelekwa shambani? Nilijivuna! Tulitembea kwenye mistari ya mahindi, naye alikuwa akichuchumaa kila penye shimo la sisimizi, anatazama wanavyoingiza mbegu, ananiuliza hutoka lini wale wenye mabawa. Nilimjibu kila kitu. Kwetu mtoto yeyote anajua hayo. Ikinyesha mvua ya kwanza ya maana, kesho yake jua likiwaka, wanatoka wenye mabawa, wanaruka, kisha wale majike wakubwa wanaanguka chini, wanajikata mabawa na kuhangaika kutafuta udongo laini wa kuchimba. Kumbikumbi tunawakaanga, lakini hawa hawaliwi, kwa hiyo hatuna shida nao. Kuku tu ndio huwadonoa.

Mdogo wangu Vero, aliyeolewa kijiji cha jirani, hakumpenda tangu siku ya kwanza. Aliniambia mwanamume huyu anauliza habari za wadudu kuliko habari zako. Nikamjibu kwamba yeye ana mume miaka yote hii na hajawahi kuniona mimi nikimwonea wivu, sasa mbona ananionea mimi? Vero alinywa chai yake, akaaga, akaondoka.

Masika ilipofika, mvua kubwa ya kwanza ilinyesha jioni. Asubuhi yake, chai haijachemka, Festo huyo hapo amevaa gambuti! Alikuwa na boksi la vichupa vidogo vyembamba vya plastiki na pamba. Akanieleza kuwa kuna watafiti nje ya nchi wanatafuta dawa ya viungo kutoka kwa malkia wa sisimizi, na kwamba yeye anawasaidia kuwapata. Nikamuuliza kama inaruhusiwa. Akasema kibali kipo, kiko ofisini Arusha.

Mimi nilitosheka. Nawaambia ukweli, nilitosheka kabisa.

Asubuhi ile ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kuishi. Udongo ulikuwa unanukia, jua limechomoza upande wa Manyara, na sisimizi wanafurika mashimoni kama maziwa yanayochemka. Tulipiga magoti matopeni, mimi na yeye, bega kwa bega. Alinifundisha kutomfinya malkia, bali kumwekea mdomo wa kichupa mbele yake aingie mwenyewe, kisha kumwekea pamba yenye maji asife kiu. Kila nilipompata mmoja alinisifia. Hakuna mtu aliyekuwa amenisifia kwa jambo lolote tangu mama afariki. Mtu akikaa na njaa muda mrefu, hata ugali wa jana unamtoa machozi.

Baada ya masika alinichumbia. Wazee wake walikuja, wajomba wawili wenye makoti, wakaleta kishika uchumba, wakaongea maneno mazuri. Baadaye sana nilikuja kujua kuwa mjomba mmoja ni fundi pikipiki wa Mto wa Mbu, na yule wa pili walikutana siku ileile kwenye gari! Wajomba wa kukodi! Na sisi tuliwachinjia mbuzi.

Tarehe ya harusi alichagua yeye. Alitaka iwe vuli inapoanza, akasema mvua ni baraka kwa maharusi. Baba Paroko akasema sawa, mradi iwe kabla ya Majilio. Tukatangazwa kanisani, Jumapili ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Kila jina langu lilipotajwa pamoja na la Festo, baba alikuwa anajikohoza pale mbele kwa furaha. Alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, kunishika mkono na kuniingiza kanisani yeye mwenyewe. Aliwaambia watu wa jumuiya kwamba akishafanya hilo, hana deni tena na marehemu mama.

Wiki ya harusi mvua ikafika. Festo alikuja na uso wa wasiwasi. Akasema sisimizi wa shamba letu wamepungua, lakini kule Olbalbal mvua imenyesha vizuri na malkia wakubwa wekundu wametoka kwa wingi, vijana wa huko wameshawaokota na kuwatia kwenye vichupa. Kilichobaki ni kuwaleta tu. Na kwa kuwa baba anakwenda kigangoni Alhamisi na kurudi Ijumaa, je, hawezi kuwabeba kwenye mkoba wake?

Baba akamuuliza, "Festo, hawa wana ruhusa?"

"Baba, karatasi ziko ofisini. Na hao ni wadudu tu."

Baba akanitazama mimi. Wasomaji wenzangu, ningetamka neno moja tu la shaka, angekataa. Mimi nikamwambia, "Baba, msaidie mwenzangu."

Akasema, "Haya. Mkwe akiomba, humwambii hapana wiki ya harusi."

Naomba mtuelewe. Sisi tunaoishi kando ya hifadhi si wajinga wa sheria. Hata kuni za msituni tunaziombea kibali. Digidigi hatumgusi, yai la mbuni hatuliokoti, na mtoto akileta nyumbani unyoya wa tai anaambiwa aurudishe. Lakini sisimizi? Mdudu tunayemfagia mlangoni kila asubuhi na kumlaani msimu wa kupanda! Nani kati yetu angewaza kuwa na yeye anahesabiwa pamoja na tembo? Hilo ndilo kosa letu, na Festo alilijua vizuri kuliko sisi.

Alhamisi baba aliondoka. Safari hii hakupanda gari la kubahatisha, Festo alimtafutia gari na dereva. Nikamwambia baba mkwe wako anakujali. Akacheka, akanipungia mkono dirishani.

Ijumaa mchana hakurudi. Alasiri nyumba imejaa akina mama wanaochambua mchele, Festo akaja. Nilimwambia baba amechelewa. Akasema ni matope, barabara ya kushuka huko imeharibika, atafika usiku au alfajiri, nisiwe na wasiwasi. Nikamtengea ugali na mlenda. Alikula akamaliza, akaomba kuongezewa. Kisha akaingia stoo akatoa boksi lake la vichupa, akasema analipeleka mjini ili wageni wasije wakalikanyaga. Aliponiaga alinishika bega, akaniambia, "Kesho usilie, utaharibu poda."

Sikujua kwamba baba alikuwa ameshakamatwa tangu asubuhi. Festo alijua! Dereva, aliyeachiwa kwa kuwa mkoba haukuwa wake, alikuja kuniambia mwenyewe siku za baadaye, akiwa haniangalii usoni: alimpigia Festo simu palepale getini. Kwa hiyo yule mwanamume alikaa kwangu, akala chakula changu, akaomba nyongeza, huku anajua baba yangu yuko mahabusu kwa ajili yake. Fadhila ya punda ni mateke, lakini punda angalau hajui anachofanya.

Jumamosi nilivaa shela. Baba hajafika, simu yake haipatikani, lakini kila mtu alisema atatukuta kanisani, yeye ni mtu wa kanisa. Nikapelekwa. Tukasubiri. Kwaya waliimba nyimbo zote za harusi wanazozijua, wakarudia, wakaingiza hata za Pasaka. Upande wa bwana harusi viti vilikuwa vitupu, hakuna mjomba wala shangazi. Simu ya Festo ikawa imezimwa. Nilianza kusikia watoto wanacheka nje, na akina mama wananong'ona huku wanatazama viatu vyangu badala ya uso wangu.

Mwishoni alinijia Baba Paroko, pamoja na Vero. Nilipoona Vero analia nilidhani Festo amepata ajali. Hadi dakika ile nilikuwa nalia kwa ajili ya Festo! Paroko akaniambia taratibu kwamba mmoja wa askari wa getini amempigia simu. Ijumaa ile waliagizwa kupekua kila gari, kwa sababu habari za malkia wa sisimizi kuibwa na kuuzwa ng'ambo kwa watu wanaowafuga zilikuwa zimeenea. Yule askari alitaka kumpitisha katekista kama siku zote, lakini mwenzake mgeni akaufungua mkoba. Chini ya kanzu nyeupe na rozari walikuta vichupa vimepangwa safu kwa safu, na ndani ya kila kimoja malkia mzima amekaa juu ya pamba.

Nilikwenda polisi na shela langu. Tope lilifika magotini. Waliniambia bado anahojiwa, na kwamba hiyo ni kesi ya nyara za serikali, si ya mchezo, nije Jumatatu. Nikarudi nyumbani ambako pilau la watu wote lilikuwa linapoa kwenye masufuria. Vero alinivua shela. Hakusema, "Nilikwambia." Heri angesema, ingeniuma kidogo kuliko ule ukimya wake.

Jumatatu nikaruhusiwa kumwona. Baba alikuwa amekonda kwa siku hizo chache, ndevu zimeota nyeupe. Nilidhani ataniuliza habari za wakili, au chakula, au nani analisha ng'ombe. Aliponiona alitabasamu! Akauliza, "Mmefunga?"

Sikuelewa.

"Ndoa. Mmefunga salama? Nani alikushika mkono kuingia?"

Akaendelea kunieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayenipa zawadi, kwamba nisiwe na hofu, hajamtaja Festo. Polisi walimbana sana waambiwe nani amemtuma. Yeye akawaambia mzigo ni wake, hakutumwa na mtu. Akaweka dole gumba kwenye maelezo hayo. Aliwaza kwamba akimtaja siku ile, watamkamata bwana harusi mlangoni mwa kanisa, na mimi nitabaki vilevile nilivyokuwa. Bora afungwe mzee aliyekwisha kuishi kuliko mume wa mwanaye.

Wasomaji, ningeweza kumdanganya. Nimejiuliza mara nyingi kama ingekuwa heri nimdanganye. Lakini nilikuwa nimekwisha kuanza kulia, na baba anajua vilio vyangu vyote. Nikamwambia Festo hakuja kanisani. Nikamwambia ametoroka, na boksi ametoroka nalo.

Baba akasema, "Sasa nilimnyamazia nani?"

Hapohapo akaomba abadilishe maelezo. Akasema jina la Festo, akaeleza kila kitu, nami nikaeleza. Lakini maneno ya kwanza yalikuwa yameshaandikwa na dole lake liko chini yake. Waliuliza huyo Festo yuko wapi. Tulisema hatujui. Waliuliza ukoo wake, tukawataja wajomba wa kukodi. Dereva alikataa kabisa kuja kutoa ushahidi, na jina lile la Festo kumbe hata halikuwa la kwake. Zile siku tatu ambazo baba alikaa kimya kwa upendo, ndizo zilizomtosha mwanamume yule kuvuka mpaka. Baba yangu ndiye aliyemnunulia muda wa kukimbia, naye alidhani ananinunulia mimi ndoa!

Siku ya kusomewa mashtaka, mwendesha mashtaka aliposoma maneno "malkia wa sisimizi", watu walicheka ndani ya mahakama. Vichupa vilikuwa pale mezani kama kielelezo. Baba alisimama wima, mikono nyuma, mzee aliyefundisha sala nusu ya tarafa, na watu wanamcheka. Sitawasamehe waliocheka. Mungu anisamehe mimi kwa kusema hivyo, lakini sitawasamehe.

Hakimu alisema umri wake na utumishi wake amevizingatia, ila ametumia imani ya watu kama kificho, na hilo linazidisha kosa. Baba alifungwa.

Sasa nalima peke yangu. Jumuiya waliacha kuja kusali kwetu, kwa maelezo kwamba ni mbali, ingawa nyumba haijahama. Kuna wanaosema katekista alikuwa jangili siku zote na mkoba ndio ulikuwa kazi yake. Kule Olbalbal ibada imesimama, na mama mmoja wa huko alikuja mnadani kuniuliza kama ni kweli walikuwa wanasali na mwizi. Nilimjibu hapana. Sijui kama aliniamini, alinunua mahindi yake akaenda.

Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Mimi janga nililichuma kwa magoti yangu mwenyewe, nikicheka, asubuhi yenye jua, na baba ndiye anayelila.

Kwa hiyo ninawaomba, hasa ninyi dada zangu mliochelewa kama mimi, mnaochoka kuulizwa lini. Mtu akikupenda ghafla, mtazame anapenda nini hasa. Je, anakuuliza habari zako, au anauliza habari za shamba lako, za gari la kaka yako, za geti analopita baba yako? Akikwambia karatasi ziko ofisini, mwambie azilete mezani kabla hujamkubalia chochote. Na ninyi vijana wa Karatu, wa Kakesio, wa Enguserosambu, mnaoambiwa na wageni kwamba ni wadudu tu… waacheni chini! Si wadudu tu. Muulizeni anayewatuma kwa nini hawabebi yeye mwenyewe.

Kuolewa sikuolewa, na hilo nimelizoea, nililizoea zamani. Nisilolizoea ni jingine. Kila ninapokwenda gerezani kumwona baba, kabla hajanisalimia, kabla hajagusa nilichomletea, ananishika mikono na kuniomba nimsamehe kwa kuwa alimnyamazia yule mtu. Nimemkataza. Nimepiga magoti nikamkataza. Mimi niliyemwambia amsaidie mwenzangu! Na mwezi ujao nikienda, ndugu zangu, najua ataniomba tena msamaha.